Kumuaga Mama Taa, Aliyeuliza Kila Mkwaruzo ni wa Nani

Ifikapo tarehe thelathini ya mwezi huu, Mama Taa, fundi mkuu wa chumba cha polishi, atakuwa ametimiza miaka ishirini na saba ya utumishi katika gereji yetu, na atastaafu rasmi. Wasifu huu niliuandika kwanza wiki iliyopita. Ulikuwa mfupi, mtamu, wenye vichekesho vya kutosha, na meneja akausifu. Kisha Alhamisi yakatokea yaliyotokea. Nimeuchana ule wa kwanza, naandika upya.

Mimi ndiye ninayekaa mapokezi. Napokea funguo, nawaeleza wateja wategemee nini, na nawatuliza wanaposhtuka. Hii ya mwisho ndiyo kazi kubwa, na ni ajabu kwamba nimepewa mimi, maana mimi mwenyewe ni mtu wa kushtuka upesi. Karibu kila ninachokijua kuhusu rangi ya gari nimefundishwa na Mama Taa, na karibu kila somo lilianza kwa roho kuniruka.

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta akimwagia maji boneti ya gari jipya la mtu. Halafu akachukua msasa, akaanza kuisugua. Msasa, jamani, kwenye gari la mtu. Ile boneti nyeusi ikageuka kijivu kama majivu ya jikoni, naye akiendelea kusugua huku anajiimbia. Nilikimbia kumwita meneja, nikiwa nimeshaamua kwamba yule mama kagombana na mwenye gari na sasa analipiza. Meneja alicheka mpaka akashika ukuta. Jioni boneti ile ilikuwa inang'aa hata nikajiona meno, nami nikaenda nyumbani bila kumuaga mtu.

Kesho yake alinieleza taratibu. Juu kabisa ya rangi ya gari kuna vanishi isiyo na rangi, na unene wake haufiki karatasi moja ya daftari. Mkwaruzo ni mtaro uliochimbwa kwenye vanishi hiyo. Fundi hazibi mtaro. Anashusha kingo zake mpaka zilingane na chini, na mwanga unapopita hauoni pa kujikwaa. Ndiyo maana hapimi kwa macho, anatanguliza kipimo cha unene, kwa sababu vanishi ukishaila yote hairudi. Mkwaruzo uliofika mpaka kwenye bati hatauondoa, ataufifisha tu, na mteja ataambiwa hivyo kabla mashine haijawashwa. Mama Taa hakumwahidi mtu gari lisilo na doa. Aliahidi lililo bora kuliko lilivyokuja, na watu waliondoka na zaidi ya walichoahidiwa.

Jina la Mama Taa alipewa na wateja waliokasirika. Mtu analeta gari analoliona zuri, anataka lipakwe tu seramiki, ile dawa ya kukinga rangi, aende zake. Mama Taa anamwingiza chumbani, anafunga mlango, anazima taa za darini, kisha anawasha ile taa yake ya mkononi na kuisogeza kwenye ubavu wa gari. Hapo ndipo yanapoonekana: mikwaruzo myembamba isiyohesabika, imezunguka mwanga kama utando wa buibui, zawadi ya miaka mingi ya kuoshwa kwa matambara yenye mchanga. Nimeona wanaume wazima wakikaa chini juu ya ndoo. Mama mmoja aliomba taa ile izimwe haraka, akisisitiza kwamba ndiyo inayokwaruza.

Na msiniulize kuhusu gari jeupe na mama mkwe. Kijana mmoja alikuja na mama wa mkewe, wakae kidogo mapokezi gari likioshwa. Mama Taa akanyunyiza ile dawa ya kuyeyusha vumbi la chuma, lile linalotoka kwenye breki na kujichoma ndani ya rangi. Dawa ile ikikutana na chuma hugeuka zambarau inayokaribia wekundu. Punde si punde magurudumu, milango na bampa vikaanza kuchuruzika kama damu. Mama mkwe akainuka, akamtazama mkwewe kutoka kichwani hadi miguuni, akamuuliza kwa upole wa kutisha amemgonga nani. Kijana aliapa kwa kila kitu alichokijua. Mama mkwe alikuwa ameshatoa simu ampigie bintiye, ndipo Mama Taa akamshika mkono, akampeleka dirishani, akanyunyiza dawa ileile kwenye kioo kisicho na chuma. Haikubadilika rangi. Mama mkwe alikubali, lakini wakati wa kuondoka alikaa kiti cha nyuma.

Kuhusu seramiki yenyewe, wateja hushtuka kwa sababu ya matumaini. Wanadhani ni ngao. Mmoja aliuliza kama sasa anaweza kuegesha karibu na misumari. Mama Taa alinifundisha kusema bila kuzunguka: jiwe litamega, ufunguo utakwaruza, na gari utaendelea kuliosha. Ila maji yatakimbia juu yake, uchafu hautang'ang'ania, na mng'ao utadumu miaka kadhaa ukiliosha kwa adabu. Siku za mwanzo lisilowe, na sabuni iache kwanza kwa wiki nzima. Mvua ikianza ghafla, yeye huyo kwenye simu anampigia mteja wa jana kumuuliza gari limelala wapi. Na kuna maneno yake ambayo nimewarudia wateja mpaka nayaota. "Seramiki haifuti, inafungia. Chochote itakachokikuta, kizuri au kibaya, itakaa nacho." Ndiyo sababu polishi hutangulia.

Sasa nije kwenye desturi yake, kwa kuwa ndiyo iliyotufikisha hapa. Mama Taa hakuwahi kuwasha mashine kabla hajamtembeza mwenye gari. Alimchukua mtu polepole, wakalizunguka gari lote, na kwenye kila alama akasimama na kuuliza, "Huu ni wa nani?" Watu walisimulia. Huu wa geti, huu wa baiskeli ya jirani, huu sijui, nimeukuta. Baadhi walikaa hapo wakisimulia mpaka chai ikapoa. Kisha akauliza kama uondolewe au ubaki, na unaobaki akaubandikia kipande cha utepe wa karatasi wa bluu ili mashine isiuguse.

Tulilalamika sote. Foleni ilikuwa inafika barabarani, naye yumo ndani anasikiliza habari za baiskeli ya jirani. Fundi Kidevu, msaidizi wake wa miaka mingi, aliyepewa jina hilo kwa sababu kidevu chake hufika mahali kabla yake, aliiita desturi hiyo kuhoji mashahidi. Nani angetaka mkwaruzo ubaki? Mimi namkumbuka mume mmoja aliyeomba ule wa bampa uachwe kwa kuwa mkewe ndiye aliyeusababisha, naye bado anauhitaji kwenye mabishano. Tulicheka wiki nzima. Mama Taa hakucheka sana. Alisema kuuliza si ujinga, akambandikia utepe wake wa bluu.

Kidevu huyo ni kazi ya mikono yake. Alimpokea akiwa hajui kushika mashine, leo ni fundi wa kutegemewa, isipokuwa jambo moja ambalo nyote humu ndani mnalijua. Nyuma ya kitasa cha mlango wa gari kuna kile kibonde ambamo vidole huingia. Mashine haifiki humo. Pete na kucha hupakwaruza, na dawa yake ni kitambaa, kidole na subira, na Kidevu subira hana. Kila akimaliza gari, Mama Taa alianza ukaguzi hapo. "Kidevu, hiki kibonde umekipiga?" Kidevu kila mara alijibu ndiyo, na kila mara haikuwa ndiyo. Wimbo huo tumeimbiwa miaka yote, na wageni waliudhani ni salamu yetu.

Kulikuwa na utani mwingine uliotuburudisha, nao ni gari la Mama Taa mwenyewe. La zamani, la bluu iliyokolea, limefifia kiasi kwamba lilikuwa baya kuliko yote uani. Aliliegesha nyuma, karibu na kompresa, mbali na macho ya wateja. Upande wa abiria ndio uliokuwa balaa zaidi. Kuanzia taa ya nyuma mpaka mlango wa mbele kulikuwa na ukanda wa mikwaruzo mieupe, upana wa kiganja, kana kwamba amekuwa akilipitisha kwenye ua wa miiba kila siku. Tulisema mganga hajigangi, tukamwambia hata usoni. Alitabasamu na kufunga mlango.

Meneja ndiye aliyepata wazo, na wote tukaliona la dhahabu. Tumuage kwa kumpa kile alichowapa watu maisha yake yote. Mama Taa akatumwa tawi letu jingine kufundisha kwa siku mbili, akapelekwa kwa gari la kazini. Lake likabaki uani, na ufunguo ukabaki kwenye msumari wangu wa mapokezi, kama kawaida. Mimi kwa mkono wangu nilimpa Kidevu ufunguo ule, tena huku nacheka.

Waliliosha, wakayeyusha chuma, wakalipitishia ule udongo laini wa kunasa uchafu mpaka rangi ikawa kama kioo ukiigusa. Wakapima unene. Hapo palitakiwa kutushtua, wala hatukushtuka: vanishi ilikuwa nzima, haijawahi kuguswa na mashine hata mara moja. Fundi wa polishi wa miaka ishirini na saba hajawahi kulipiga polishi gari lake, na sisi tukaona ni uvivu wa kawaida. Kidevu alifanya kazi ile kama mtu aliye kwenye mtihani. Ule ubavu wa abiria aliushughulikia peke yake, hakutaka msaada, akaurudia mpaka ukanda wote ukatoweka. Kisha seramiki ikapakwa gari zima. Sikuwahi kuona bluu ya namna ile.

Kumtembeza mwenye gari haikuwezekana. Ilikuwa siri, na huwezi kumuuliza mtu kuhusu zawadi yake. Kanuni ya kwanza ya chumba kile tuliijua wote, na wote tuliiruka kwa furaha.

Alhamisi akarudi. Tulijipanga uani, meneja amevaa tai, shuka imefunika gari. Ilipovutwa, Mama Taa alifunika mdomo kwa mkono, akacheka. Akaomba taa yake, nasi tukaangua kicheko kwa kuwa tulijua ataomba. Akaanza kukagua. Boneti, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Paa, akatikisa tena. Akazungukia nyuma, akafika upande wa abiria, na ile taa ikashuka polepole mpaka ikaning'inia mkononi.

Aliweka kiganja kwenye taa ya nyuma ya gari. Akatembea nacho, pole pole, kikiteleza ubavuni mpaka mlango wa mbele. Akarudi nyuma, akafanya vilevile tena. Nilidhani anapima ulaini. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kuzisikia kwake, "Hapa palikuwa na mikwaruzo. Kaitoa nani?" Kidevu akainua mkono, kifua mbele.

Mama Taa akavuta ndoo, akakaa juu yake, kama wale wateja. Sijawahi kumwona amekaa saa za kazi.

Alituambia akiwa ametazama gari, hakututazama sisi. Mama yake aliishi naye miaka yake ya mwisho, macho yakiwa yamekwisha kabisa. Hakupenda kushikwa mkono. Kila walipotoka, iwe hospitali, iwe kwa ndugu, alitoka mlangoni peke yake, akapapasa mpaka akapata taa ya nyuma, akaweka kiganja kwenye gari na kulifuata mpaka mlango wake. Pete yake ilikuwa inakwaruza njia nzima. Mwanzoni Mama Taa, kwa kuwa ni fundi, ilimuuma, akamwomba aivue. Yule bibi akamjibu, "Wewe soma barabara, mwanangu. Mimi acha nisome gari." Tangu hapo hakumwambia tena. Bibi alifariki mwaka juzi. Wengine wetu tulikwenda mazishini, tukamsaidia kubeba viti, na hatukujua lolote kuhusu gari. Alisema picha za mama yake anazo, ila ule ukanda alikuwa akiupitishia mkono kila asubuhi kabla ya kuja kazini.

Nilitamani ardhi ipasuke. Meneja alilegeza tai, akaivua kabisa, akaikunja, akaikunjua. Maji yakimwagika hayazoleki, na hakuna watu wanaolijua hilo kuliko sisi: mkwaruzo ukiondoka umeondoka na vanishi yake, hakuna mashine ya kuurudisha. Kidevu, kwa kuchanganyikiwa, akasema atalikwaruza upya yeye mwenyewe, palepale, kwa pete ya mkewe. Alisema hivyo kwa moyo wake wote. Hakuna aliyecheka, na mimi ndipo machozi yalipotoka.

Mama Taa akainuka. Akasema kazi ni safi, tena sana, na kwamba anaomba aende nyumbani. Akaenda mlango wa mbele wa abiria, kwa kuwa mkoba wake huuweka kwenye kiti kile, akaingiza vidole nyuma ya kitasa, avute.

Akasita. Akaondoa vidole, akainama, akawasha taa. Tukamwona akitazama humo kwa muda, kichwa kimeinamia upande. Kisha, bila kugeuka, akauliza lile swali lake la siku zote.

"Kidevu, hiki kibonde umekipiga?"

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Kidevu alisema kweli. Hapana, mama. Hakukipiga. Alikiruka, akakipitishia seramiki juu juu ili kisionekane kikavu.

Tulisogea mmoja mmoja kuchungulia. Mikwaruzo ilikuwa imo. Iliyopinda kama kucha, mingi, imepishana, pale ambapo mkono wa bibi ulifikia kila safari na pete ikagonga kabla ya mlango kufunguka. Na juu yake, safi, ngumu, ilikuwa imelala seramiki. Nilianza kusema maneno yake ninayoyarudia kwa wateja, yale ya kufungia, nikashindwa kuyamaliza.

Mama Taa alimgeukia Kidevu. Akamwambia, "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Akacheka, akalia, akacheka tena, na Kidevu akabaki amemshika mabega huku kidevu kinamtetemeka. Kisha mama yetu akachukua utepe wa bluu mfukoni mwake, akachana kipande, akakibandika juu ya kitasa cha gari ambalo kazi yake imeshakwisha. Aliondoka nacho hivyo hivyo, kinaonekana mpaka anaingia barabarani.

Mama Taa, uongozi na wafanyakazi wote tunakushukuru kwa mkono wako, kwa macho yako na kwa kutuvumilia mpaka siku ya mwisho. Tunakuomba radhi kwa ubavu ule, na tunajua radhi hiyo haitoshi. Kuanzia wiki hii hakuna gari litakaloguswa kabla mwenyewe hajatembezwa, hata foleni ifike wapi, na anayeongoza matembezi hayo ni Kidevu. Kwa gari la kwanza alimuuliza mteja swali lako kwenye kila alama, sauti yake ikikwama, na mteja akadhani anaumwa.

Nenda kapumzike kwa afya na furaha, mama, na barabara zote uzisome vizuri. Seramiki ile itachoka baada ya miaka kadhaa, wewe ndiwe uliyetufundisha. Ikichoka, lilete. Tutakutembeza kwanza. Kidevu ameapa mbele yetu wote kwamba kibonde kile hatakigusa, na safari hii tunamwamini.